Medali za Mikate na Balo ya Mjomba Salumu

Mawese yakianza kupata moto yana harufu yake, ninyi mliokulia kwetu mnaijua. Kwanza ni nzito, halafu inageuka tamu, halafu inakukaba koo mpaka unakohoa huku mate yanakutoka. Harufu hiyo ndiyo iliyoniamsha nyumbani kwangu Kasongo, asubuhi moja wakati wa ile michezo mikubwa ya dunia. Mama yangu alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Kabambare, amerushwarushwa nyuma ya pikipiki njia nzima, na badala ya kulala akanyosha mgongo kama watu wengine, alikuwa amekwisha kuwasha makaa uani na kuanza kukaanga mikate ya mafuta, ile ya mviringo yenye tundu katikati. Mama hajui kupumzika. Ukimwambia akae, anadhani unamtukana.

Kando yake wana wawili wa kaka yangu Ramazani walikuwa wanataka kupigana. Kila mmoja ameshika simu. Huyu anasema Wamarekani ndio wa kwanza, yule anaapa ni Wachina. Nikachukua simu zote mbili nikaziangalia, na jamani, wote wawili walikuwa wanasema kweli! Simu moja ilitazama dhahabu kwanza, nyingine ilijumlisha medali zote bila kuchagua rangi. Kongo yetu nayo niliitafuta, nikatelezesha kidole chini, chini, mpaka orodha ikaisha na sikuiona.

"Shangazi, sema weye," wakaniambia. "Nani iko wa kwanza?"

Nilicheka nikakaa chini. Mama naye alicheka bila kugeuka, mwiko mkononi, maana alijua ninakokwenda. Sasa nanyi sogeeni, niwaambie jinsi tulivyotafuta wa kwanza kule Kabambare nilipokuwa na miaka kumi hivi.

Mjomba Salumu, ndugu yake mama, alikuwa na pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuleta chumvi, sabuni na vitenge kutoka Kasongo, na barabara ile Mungu mwenyewe anaijua. Mara nyingi ilikuwa pikipiki inambeba mjomba, lakini kuna mahali mjomba ndiye aliyeibeba pikipiki. Kiangazi kimoja alifika kwetu vumbi mpaka kwenye kope, na nyuma yake, katikati ya mifuko ya chumvi, amefunga balo. Mpira wa kweli, wa ngozi, mweupe wenye madoa meusi. Sisi tulizoea balo ya matambara na mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, ambayo ukiipiga sana inafumuka ikabaki miguuni mwako. Hii ilidunda. Tuliinusa mmoja mmoja, ikawa inanukia kama dukani.

Ramazani alidhani ni yetu, mara moja akaikumbatia. Mjomba akamnyang'anya.

"Ah, hapana! Hii haiko ya watoto wa dada yangu. Iko ya watakaoshinda."

Kumbe njiani alikuwa amelala kwa rafiki yake mwenye redio, akasikia habari za michezo ya dunia: mataifa yanashindana, wa kwanza anavikwa dhahabu, wa pili fedha, wa tatu shaba. Jambo hilo lilimwingia kichwani likakataa kutoka. Akataka Kabambare nayo ipate michezo yake. Sisi watoto tulikuwa na kartiye tatu, yaani mitaa, tulizozipanga wenyewe: Juu, wale wa mlimani, Sokoni, waliokuwa wengi kama siafu, na Mtoni, ndio sisi. Kartiye itakayoshinda itakaa na balo kiangazi chote.

Sasa mnielewe vizuri, maana hapa ndipo roho yangu ilipokuwa. Juu na Sokoni, msichana hakugusa balo. Kazi yake ilikuwa kuifuata ikianguka kwenye mihogo ya watu. Lakini Mtoni tulikuwa sita tu: Ramazani, pacha Hasani na Huseni wa jirani, mdogo wetu Juma aliyekuwa bado anaburuta kaptula, rafiki yangu Sifa, na mimi. Ukiondoa wasichana, hakuna timu. Kwa hiyo walituweka golini, kwa shingo upande, na nilipenda golini kuliko nilivyopenda kula. Siku ile balo ilipofika, Ramazani alinivuta nyuma ya nyumba.

"Mwamini, ukitushindia, balo ikibakia kwetu, utacheza mbele. Haki ya Mungu."

Mbele! Usiku ule nililala miguu ikicheza yenyewe, nikampiga Sifa teke, maana alikuwa amelala kwetu.

Ilibaki habari ya medali. Mjomba alitaka kukata makopo ya dagaa, mama akakataa, akasema watoto watajikata shingo. "Nitazikaanga," akasema. Ndivyo ilivyokuwa. Aliamka kabla ya jogoo siku ya michezo, akakanda unga, akakaanga mikate ya kutosha washindi wote. Dhahabu ilitoka kwenye mawese ikiwa ya manjano inayong'aa. Fedha aliigaagaza kwenye unga wa muhogo ikawa nyeupe. Shaba aliisahau kwa makusudi kwenye mafuta mpaka ikawa nyeusinyeusi. Akapitisha kamba ya mgomba kwenye kila tundu, medali zikawa tayari kuvaliwa shingoni. Tuliuzunguka ungo alimozipanga tukimeza mate, na mama alikuwa anatufukuza kwa mwiko, macho yamemwiva kwa moshi.

Michezo ilikuwa sita. Wavulana walikuwa na mbio, kuruka shimo, na kusukuma gurudumu la kinga kwa kijiti, kinga ndiyo baiskeli kwa asiyejua. Wasichana tulikuwa na kuruka kamba, kutwanga majani ya muhogo, ndiyo sombe, na kukimbia na beseni la maji kichwani. Ule wa beseni ulikuwa wangu. Anayefika wa kwanza si kitu. Wanatazama nani amefika mapema na maji bado yapo. Zaina wa Sokoni, mwenye mdomo mkali kuliko wembe, alinipita mwanzoni, nikasikia maji yake yanapiga ardhi, pwaa, pwaa. Mimi nilibana shingo, nikatembea nimekunja magoti, tone moja tu likanishuka mgongoni, baridi, likafika mpaka kiunoni. Nilipotua beseni, uwanja ulipiga kelele. Mjomba akanivika mkate wa manjano, bado una joto, mafuta yakanichora mstari kifuani. Sifa naye alichukua dhahabu ya kuruka kamba. Sombe ilichukuliwa na Bahati wa Juu, mwenye mikono ya kumpiga baba mtu.

Jua lilipoinama michezo ikaisha, na ndipo michezo yenyewe ilipoanza.

Asani, mkubwa wa Juu, aliruka juu ya kichuguu. "Tumeshinda! Zahabu tuko nazo tatu. Mtoni mbili. Sokoni moja. Kwisha."

"Kwisha nini?" wakajibu Sokoni kwa pamoja. "Sisi medali kumi! Ninyi ine. Haba na haba hujaza kibaba, haukusikia?"

"Feza miya haifanyi zahabu moja! Jogoo moja anapita vifaranga kumi!"

"Vifaranga kumi wanashibisha nyumba!"

Wote wakamgeukia mjomba, aliyekuwa amekaa juu ya pikipiki yake kama jaji. Mjomba akakuna kichwa. Akatazama gurudumu la mbele. Mwisho akasema ukweli: redio ya rafiki yake ilieleza vizuri habari za dhahabu na fedha na shaba, lakini ilipofika kwenye kueleza nani anakuwa wa kwanza kati ya mataifa, betri zilikufa.

Lo, tulimcheka! Hata pikipiki ilitaka kucheka.

"Leteni medali tuhesabu upya," akasema kwa hasira kidogo. Balaa la pili. Juu walikuwa wamekwisha kuzila dhahabu zao. Sokoni, wengi vile, walimega zao mpaka kila mtoto akapata angalau kuonja, hata yule wa mgongoni. Zilibaki kamba zinazong'aa mafuta. Mjomba akafikiri, akatoa hukumu kwamba medali iliyoliwa ni medali bado, mradi kamba ipo. Nadhani ndiyo hukumu pekee ya siku ile ambayo haikupingwa na mtu.

Ndipo Ramazani akajitokeza. Kaka yangu yule alikuwa na akili, na akili ikizidi huwa inamwuma mtu mwenyewe.

"Hesabuni na vichwa," akasema. "Sokoni wako kundi zima, medali kumi. Sisi tuko sita, medali ine. Pilipili ni ndogo, lakini nani anaitafuna akicheka? Mutu anayejua kutazama anaona sisi ndio wa kwanza."

Mjomba akaanza kutikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Mimi nilikwisha kujiona niko mbele, balo mguuni. Lakini Sokoni hawakuwa wajinga. Wakakonyezana, wakasema basi wahesabiwe wale tu waliocheza, wala si watoto wote wa kartiye. Wakatoa wadogo, wakatoa waliokuwa wametumwa kisimani, wakabaki kumi na mmoja na medali zao kumi. Sisi tukiwa sita na medali nne, tukapitwa vibaya.

Ramazani alitoka jasho. Alitutazama mmoja mmoja. Macho yake yalifika kwangu, yakaniruka.

"Sawa," akasema. "Na sisi tutoe. Wavulana wa Mtoni tuko ine. Wasichana hawahesabiki, hao ni wa jikoni tu. Watu ine, medali ine. Hakuna anayetupita."

Niwaambie nini, wasomaji wangu? Kuna maneno yanayopiga kuliko fimbo. Beseni lilikuwa bado limeniacha na alama kwenye paji la uso. Mkate wake wa dhahabu ulikuwa bado shingoni mwangu, na katika zile medali nne alizozihesabu, moja ilikuwa yangu na moja ya Sifa. Alizichukua medali akatuacha sisi. Nililia palepale, mbele ya watu, kamasi na machozi, wala sikujificha.

Aliyeniokoa ni yule yule Zaina wa mdomo wa wembe. "Ala!" akapaza sauti. "Kama Mwamini na Sifa hawako watoto wa Mtoni, basi na zahabu zao haziko za Mtoni. Ramazani, unataka maziwa lakini ng'ombe hapana?"

Watu wakaangua kicheko. Nami, sijui nguvu nilizitoa wapi, nikapangusa pua kwa kiganja, nikaushika mkate wangu nikasonga mbele mpaka kwenye pikipiki.

"Mjomba, basi miye siko wa Mtoni. Miye niko kartiye yangu. Mutu moja, zahabu moja. Nani ananipita?"

"Na miye," akasema Sifa, akaja kusimama karibu yangu. "Niko kartiye ya Mwamini."

Mjomba alitaka kucheka, akajizuia. Zaina akatutazama, akawatazama wavulana wa Sokoni waliokuwa wanapiga mluzi, akauliza, "Tukishinda sisi Sokoni, balo nitaigusa?" Mmoja akamjibu kwamba ataigusa vizuri sana, ikianguka kwenye mihogo. Zaina alikusanya kamba zake akaja upande wetu. Wasichana wenzake wa Sokoni wakamfuata, wakicheka na kusukumana, wakitoka na fedha zao na shaba zao. Mwisho akaja Bahati wa Juu, polepole, na kamba ya dhahabu yake ya sombe, ile ambayo Asani alikuwa ameihesabu kwa kelele juu ya kichuguu.

"Bahati! Rudi hapa!" Asani akaita.

"Nirudi kufanya nini? Kutwanga?"

Sasa hesabu. Mjomba alishuka kwenye pikipiki akazipanga kamba ardhini, na sisi tukainama juu yake mpaka akalalamika tunamzibia mwanga. Juu walibaki na dhahabu mbili. Sisi wasichana tulikuwa na tatu. Kwa njia ya Asani, tulikuwa wa kwanza. Sokoni walibaki na medali nne jumla. Sisi tulikuwa na tisa. Kwa njia ya Sokoni, tulikuwa wa kwanza. Ramazani na wenzake watatu walibaki na fedha mbili. Huko kwa vichwa hakuna aliyetaka hata kufika.

Asani alisema si haki, kwa sababu wasichana si kartiye. Mjomba akamgeukia mama, aliyekuwa anakusanya ungo na sufuria pembeni.

"Dada, weye unasema nini? Weye uko upande gani?"

"Miye?" Mama akacheka. "Miye sina kartiye. Niko na moto wangu wa kuzimisha."

Mjomba akaokota balo, akaipangusa kwa shati, akanipa mikononi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Kelele tulizopiga ziliwatoa hata wazee msikitini, wakaja kuuliza nani amekufa.

Kiangazi kile chote balo ililala chini ya kitanda chetu, na jioni ilitoka na mimi. Tulikuwa wabaya, nisiwadanganye. Tulikimbilia balo wote kwa pamoja kama kuku waliomwagiwa mchele, Bahati aliipiga ikaangukia mtoni mara nyingi, na Zaina alicheza kwa mdomo zaidi kuliko kwa mguu. Lakini mimi nilicheza mbele. Wavulana walikaa pembeni wakitucheka, wiki ikapita, kicheko kikapungua. Siku moja Ramazani alikuja akasimama kwenye mstari, mikono nyuma, anachora ardhi kwa kidole cha mguu.

"Mwamini," akasema, "munaweza kunihesabu na miye?"

Nilimwangalia sana. Nilitaka kumwambia wavulana ni wa shamba tu. Zaina alikuwa amekwisha kufungua mdomo amwambie, nikamziba. Tukampa goli. Alidaka vizuri kuliko sisi wote, shetani yule, na tangu siku ile walikuja wengine, mpaka hakuna aliyekumbuka tena nani ni wa Juu na nani wa Mtoni.

Hayo yote niliwasimulia wale wana wa Ramazani pale uani. Walicheka sana kusikia baba yao alivyoomba kuhesabiwa, wakaniahidi watamkumbusha siku akiwafokea. Nikawaambia, mkioneshwa nani wa kwanza, msigombane kwanza. Ulizeni walihesabu nini, na nani waliachwa nje. Nilijisikia nimesema jambo kubwa. Mikate ilikuwa inaiva, moshi unamwendea mama usoni, naye anaupepea kwa ukingo wa kitenge bila kuacha kazi.

Na hapo, wenzangu, maneno yangu yalinirudia mimi mwenyewe. Nilimtazama mama, macho yamemwiva vilevile kama siku ile, nikakumbuka ungo uliojaa dhahabu na fedha na shaba. Dhahabu zote zile zilitoka kwenye mikono yake. Aliamka kabla yetu sote, akalala nyuma yetu sote, na alipoulizwa uko upande gani alisema hana kartiye, nasi tukacheka tukakimbilia balo. Katika mikate yote ile hakuna hata mmoja aliobakiziwa. Hata ule ulioungua. Mimi niliyelia mbele ya watu kwa sababu sikuhesabiwa, sikuwahi kumhesabu yeye, mpaka nikawa mama mwenye sufuria yangu.

Nilichukua mkate wa kwanza wa manjano kwenye sahani. Kamba ya mgomba sikuwa nayo; nikachomoa utepe kwenye nywele zangu, nikaupitisha kwenye tundu, nikamvika mama shingoni kabla hajajua ninafanya nini.

"We Mwamini! Unanichafulia kitenge na mafuta!"

"Kaa hivyo hivyo, mama. Ni zahabu."

Mwiko ulibaki hewani, mafuta yakidondoka majivuni. Akaangalia kifuani pake, akauinua ule mkate kwa vidole viwili, akaunusa kama anaujua.

"Zahabu yenyewe haikuiva vizuri ndani," akasema, na akaumega.